Muuaji wa Shingo Upande: Mwana wa Fumo Liyongo na Riwaya ya Kifantasia

Katika hadithi mashuhuri kuliko nyingi za upwa wa Waswahili, mtu anayemuua shujaa hana jina. Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, unamtaja Liyongo kwa sifa tele, na unamtaja hata kijakazi Saada aliyepeleka gerezani mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake. Lakini kijana anayechoma sindano ya shaba kitovuni mwa baba yake anaitwa mwana tu. Anaingia katika masimulizi yakiwa yanakaribia mwisho, anatenda tendo moja, kisha anafukuzwa na kusahauliwa.

Wasomaji wa utendi huu wamezoea kumpita kijana huyo kwa haraka. Neno linalomwangukia mara nyingi ni msaliti, na neno hilo likishatamkwa mjadala hufungwa. Hukumu hiyo si ya uongo, ila ni fupi mno. Mhadhara huu unakusudia kumtazama upya kwa kumweka kando ya aina ya mhusika ambaye riwaya ya kifantasia, hasa ile inayoelemea upande wa giza, imempa nafasi ya mbele katika miongo ya karibuni: mtu anayetumwa kuua, naye hataki, na hata hivyo anakwenda. Mfano uliochaguliwa ni utatu wa riwaya za mwandishi wa Marekani anayetumia jina la Robin Hobb, yaani Assassin's Apprentice (1995), Royal Assassin (1996) na Assassin's Quest (1997).

Ulinganishi huu haudai kwamba mwandishi wa Marekani alichota kutoka Lamu. Wala hautaki kuupandisha cheo utendi kwa kuufananisha na kitabu cha kigeni. Utendi hauhitaji hisani hiyo. Jambo linalotafutwa ni dogo na mahususi. Riwaya imejifunza kukaa mahali ambapo utendi unapita kwa beti chache, na kwa kukaa hapo inamwonyesha msomaji wa Kiswahili maswali ambayo Kijumwa aliyaacha wazi.

Jina la kazi

Kiswahili hakina nomino moja inayolingana barabara na ile inayotumiwa katika lugha za Ulaya kwa mtu anayeua kwa siri kwa amri ya mwenye mamlaka. Muuaji ni yeyote aliyeua, awe mlevi wa kilabuni au jemadari. Muuaji wa kukodiwa hutaja malipo. Mviziaji hutaja mbinu. Hakuna hata moja kati ya maneno hayo linalomtaja bwana aliyemtuma, ilhali bwana huyo ndiye nusu ya maana.

Neno la Ulaya lenyewe lina historia ya aibu. Limetokana na jina la Kiarabu la dharau, linalohusishwa na bangi, walilobandikwa Waismaili wa Kinizari walioishika ngome ya Alamut huko Uajemi kuanzia mwaka 1090, chini ya Hasan-i Sabbah, hadi Wamongolia walipoitwaa mwaka 1256. Visa vya vijana waliolewesha na kuingizwa katika bustani iliyofanana na pepo vilienea Ulaya kupitia Marco Polo. Farhad Daftary, katika kitabu chake cha mwaka 1994 juu ya ngano hizo, ameonyesha jinsi zilivyokuzwa na maadui na wasafiri. Wanizari wenyewe waliwaita watu wao wa kujitolea fidai, na mzizi wa neno hilo ndio uliokipa Kiswahili neno fidia. Hapa kuna jambo la kuzingatiwa na mwanafunzi wa semantiki: tendo ni moja, lakini adui anaona mlevi, na mwenzake anaona mtu aliyejitoa awe fidia ya wengine. Muuaji wa riwaya za leo hayumo katika lolote kati ya majina hayo mawili. Hakuleweshwa, wala hakujitoa. Ametolewa.

Pengo la nomino katika Kiswahili linazibwa na kitenzi. Kutokana na -ua lugha inaunda -ulia, na kauli hii ya kutendea ina sifa ambayo kila mwalimu wa sarufi anaijua ingawa si kila mmoja huisisitiza: inabeba faida na hasara kwa umbo lile lile. Mtu akisema, "Amemuulia simba," msikilizaji hawezi kujua mara moja kama simba aliyeuawa alikuwa adui wa huyo anayetajwa au mnyama wake aliyemfuga. Muktadha ndio unaoamua. Basi sultani wa Pate alimtaka kijana amuulie adui. Kijana alipotii, alimuulia sultani adui, na papo hapo alijiulia baba. Msiba wote wa hadithi umo katika kiambishi hicho kimoja, na ni vigumu kufikiria lugha ya Ulaya inayoweza kuueleza kwa ufupi kiasi hicho.

Ama kwa kusita, Kiswahili hakina uhaba. Mtu hufanya jambo kwa moyo mzito, kwa kulazimika, au shingo upande. Usemi huu wa mwisho ndio unaofaa zaidi kwa mhusika anayejadiliwa, kwa sababu una picha ya mwili mzima: miguu inatii na kusonga mbele, mikono imebeba ilichopewa, lakini shingo imegeukia kwingine. Hauelezi kukataa. Unaeleza utii usio na ridhaa, na huo ndio uwanja wa riwaya za aina hii.

Sindano na pini

Kabla ya kumfikia kijana, sultani alikuwa amekwisha kujaribu njia nyingine. Katika utendi wa Kijumwa, watu wa msituni wanaahidiwa riali mia wakileta kichwa cha Liyongo. Wanajifanya marafiki zake na kumwalika kula makoma kwa zamu, kila mmoja apande mkoma siku yake, ili zamu ya Liyongo ikifika wamtungue akiwa juu. Liyongo hapandi, anayaangusha makoma kwa mishale akiwa chini. Baadaye anatiwa gerezani, na anatoka kwa ule mkate wa wishwa. Walinzi hula mikate mizuri ya ngano na kumwachia ule duni, nao ndio wenye tupa. Kelele za ngoma ya gungu aliyoiomba kabla ya kuuawa zinafunika sauti ya minyororo inayokatwa.

Mbinu hizi mbili zinashindwa kwa sababu moja. Wauaji wa kukodiwa na walinzi wa gereza wako nje ya Liyongo. Wanakabili nguvu zake na akili zake, nao hawana uwezo juu ya hizo. Mwili wake, kama utendi unavyoeleza, hauingiliki kwa silaha ya kawaida. Unaingilika mahali pamoja tu, kitovuni, na kwa kitu kimoja tu, sindano ya shaba. Wataalamu wa fasihi linganishi hupenda kumtaja hapa Achilles na kisigino chake, au Siegfried na bega lake, na orodha hiyo inaweza kurefushwa bila faida kubwa. Linalovutia zaidi ni namna siri inavyopatikana. Haipatikani kwa mateso wala kwa mganga. Inapatikana kwa kuuliza, na anayeweza kuuliza akajibiwa ni yule tu anayependwa. Hiyo ndiyo kanuni ya uchawi katika hadithi hii, na fantasia yoyote iliyo imara ina kanuni ya namna hiyo.

Kwa hiyo sultani anamgeukia mwana. Kijana huyu amezaliwa na mwanamke wa Wagala, watu ambao leo hujulikana kwa jina lao wenyewe la Waoromo. Wagala walivutiwa mno na sifa za Liyongo hata wakataka mbegu yake katika ukoo wao, na ndoa ikafanywa kwa ajili hiyo. Kijana ni tunda la makubaliano ya watu wazima tangu kabla hajazaliwa. Hili halitiliwi mkazo wa kutosha na wanaomhukumu. Kwa upande wa baba ni mwana wa mtu anayewindwa. Kwa upande wa mama ni mgeni. Anapofika mjini na mtawala kumkaribisha, kumsifu, na kumwahidi uwaziri pamoja na binti yake wa kumwoa, huenda ni mara ya kwanza kwake kupewa nafasi iliyo yake mwenyewe. Sultani hamtishi. Anamfadhili.

Neno fadhila linastahili kutazamwa hapa kwa makini. Katika maadili ya Waswahili, fadhila hulipwa, na asiyeilipa huitwa mtovu wa fadhila, tusi zito kuliko mengi. Mtu aliyekula chumvi ya mwenziwe amefungwa. Mtawala mjuzi hana haja ya mnyororo kwa mtu wa namna hiyo. Inatosha ampe kitu.

Katika Assassin's Apprentice jambo hili linasimuliwa kwa utaratibu mrefu. Mtoto wa miaka ipatayo sita analetwa na babu yake mzaa mama kwenye kambi ya askari na kukabidhiwa: ni mwana wa nje ya ndoa wa mrithi wa kiti cha ufalme. Naye pia hana jina. Mtunza farasi anayepewa kazi ya kumlea, Burrich, anamwita Fitz, neno ambalo maana yake ni mwanaharamu tu, na jina hilo la kumtaja kwa kasoro yake linadumu naye. Mama yake ni mtu wa nchi ya milimani, kama vile mama wa kijana wa Pate alivyo mtu wa bara. Mfalme Shrewd anamwona siku moja mtoto huyo akiokota mabaki ya karamu ukumbini. Mbele ya mwanawe Regal, mfalme anaeleza bila kificho kwamba mtoto wa namna hiyo akiachwa atakuwa silaha mikononi mwa wengine, na akitunzwa atakuwa chombo cha ufalme. Kisha anaitoa pini yake yenye jiwe jekundu na kuichoma kwenye vazi la mtoto. Tangu siku hiyo mtoto atalishwa, atavishwa, atafundishwa. Naye atakuwa wa mfalme.

Pini na sindano. Msomaji wa Kiswahili hawezi kukosa kuuona ufanano huo, ingawa haukukusudiwa na yeyote. Zote mbili ni vipande vidogo vya chuma chenye ncha, vinavyotoka mkononi mwa mtawala na kuingia mkononi au kifuani mwa mtoto. Lakini sindano ya shaba inatolewa mwishoni ili ichome mwili wa mtu mwingine. Pini ya Shrewd inatolewa mwanzoni, na anayechomwa ni mtoto mwenyewe. Riwaya inasema kwa uwazi jambo ambalo utendi unalidokeza tu: kabla ya silaha kutumika, kuna siku silaha ilipotengenezwa, na silaha hiyo ilikuwa mtu.

Fitz anafundishwa sumu na siri na Chade, mzee mwenye makovu usoni anayeishi nyuma ya kuta za ngome, naye pia mwanaharamu wa ukoo wa kifalme. Masomo ni ya usiku, kupitia ngazi iliyofichwa. Katika sehemu iliyo bora kuliko nyingi za kitabu hicho, Chade anamtaka mwanafunzi wake aibe kitu chumbani mwa mfalme, kama mchezo tu. Mtoto anakataa. Kwake pini si pambo, ameahidi. Kukataa huko kunamfanya apoteze upendo wa mwalimu kwa muda, na maumivu yake yanaelezwa kwa kirefu, kwa sababu mwalimu ndiye pekee aliyempenda. Baadaye inabainika kwamba lilikuwa jaribio la uaminifu. Hapo mtoto anajifunza somo lisilokuwa katika mtaala: mapenzi anayopewa yanaweza kupimwa kwa mizani ya mfalme, na wanaompenda wanaweza kuamriwa wamwache.

Mwezi mmoja

Utendi una mahali pamoja ambapo ungeweza kuwa riwaya. Kijana amekwisha kurudi kwa baba yake akiwa na sindano. Liyongo anampokea kwa furaha. Tendo linatarajiwa, lakini halitokei. Kijana anakaa kwa muda wa kama mwezi mzima, na kila akitaka kutenda, ujasiri unamwisha. Sultani anamwandikia waraka wa kumhimiza: mambo yote huku tayari, harusi inamngoja yeye. Ndipo siku moja, baba akiwa amechoka kwa kuwinda na kulala usingizi mzito wa mchana, mkono unatenda.

Kijumwa anaupita mwezi huo upesi, na hilo si kosa lake. Utendi ni masimulizi ya matendo na maneno. Mizani minane katika kila kipande inataka mwendo, na hadhira inayosikiliza inataka kufika kisimani, mahali pa kifo cha ajabu. Kwa kuwa msimulizi wa utendi yuko nje ya wahusika wake, hofu ya kijana inatajwa kama tukio miongoni mwa matukio: aliogopa, hakutenda, waraka ukaja. Msomaji anabaki akijiuliza siku hizo zilikuwa na nini ndani yake. Baba na mwana walikula pamoja mara ngapi? Sindano ilifichwa wapi?

Na kuna neno zito zaidi la Liyongo mwenyewe. Alipoulizwa ni kitu gani kinachoweza kumuua, hakudanganyika. Alimwambia mwanawe wazi kwamba kama nia yake ni hiyo, basi amehadaiwa, na wale waliomtuma hawatampa walichomwahidi. Kisha akaitaja sindano na kitovu. Hapa wachambuzi wengi huona upumbavu wa shujaa, au ajali aliyoandikiwa. Kuna maelezo ya tatu. Liyongo anajua, na anajibu kwa kujua, kwa sababu baba anayemficha mwanawe siri ya uhai wake amekwisha kumhukumu. Akimjibu, anamwachia uamuzi. Mwezi wa kusita ni zao la jibu hilo. Kama Liyongo angedanganyika kweli, kijana angechoma sindano juma la kwanza. Lakini ni vigumu kumuua mtu ambaye amekwisha kukuambia, kwa upole, kwamba anajua umetumwa.

Riwaya ya Hobb inajenga karibu kila kitu ndani ya mwezi kama huo. Msimulizi ni Fitz mwenyewe, ameshazeeka kabla ya wakati, ana kalamu mkononi na maumivu mwilini, anaandika historia ya nchi na kila mara historia hiyo inamponyoka na kuwa habari zake. Nafsi ya kwanza inafanya kazi ambayo nafsi ya tatu ya utendi haikuhitaji kuifanya. Msomaji anajua Fitz anahisi nini anapotia sumu katika mkate wa watu walioporwa utu wao na maharamia wa pwani, watu ambao miili yao inatembea lakini hawana tena huruma wala kumbukumbu ya upendo. Hakuna anayemlaumu kwa kazi hiyo, wapo watakaomshukuru. Yeye anawahesabu.

Katika mwisho wa kitabu cha kwanza anatumwa nchi ya milimani, nchi ya mama yake, amuue mwana wa mfalme, Rurisk, wakati wa sherehe za ndoa. Sababu za kisiasa zinaelezwa na zina mantiki yake. Fitz anafika, anaona mtu mwema, na anaazimia asimuue. Siri yake imekwisha kutolewa na Regal. Anayelengwa anajua, kama Liyongo alivyojua, na hata hivyo anamtendea muuaji wake kama mtu. Rurisk anakufa kwa sumu, lakini si kwa mkono wa Fitz. Hapo ndipo riwaya ilipo ngumu kuliko utendi, na pengine ina ukatili zaidi: kukataa kwa muuaji hakumwokoi aliyelengwa. Mtawala, au mwana wa mtawala, ana mikono mingine. Mwenye shingo upande akigeuza mwili wote na kusimama, gari linampita.

Inafaa kusemwa pia kwamba riwaya hiyo ina upungufu unaotokana na nguvu yake hiyo hiyo. Kwa kuwa kila kitu kinapita katika moyo wa Fitz, msomaji anamsamehe mapema mno. Maumivu yake yanakuwa mengi na ya karibu hata waliokufa wanafifia. Utendi haumruhusu msomaji anasa hiyo. Aliyekufa ni Liyongo, naye ndiye anayebaki mbele ya macho.

Giza katika fantasia ya Kiswahili

Je, nathari ya Kiswahili imemwandika mtu huyu? Fantasia haikosekani. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, na Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila zote zimevunja kuta za uhalisia, na giza limo humo kwa wingi. Lakini katika kazi hizo safari ya ajabu aghalabu ni ya kutafuta maana ya jamii, ya historia au ya ulimwengu. Mhusika anayesafiri ni jicho linaloona maovu zaidi ya kuwa mkono uliotumwa kuyatenda.

Mkono uliotumwa unapatikana upande mwingine, katika riwaya za upelelezi na ujasusi. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona (1974), anaua kwa ajili ya taifa na Afrika, na shingo yake haina upande. Inatazama mbele wakati wote. Raha ya vitabu hivyo inategemea usawa huo wa shingo. Mhusika wa namna hiyo akianza kusita, riwaya itabadilika kuwa kitu kingine. Labda Mirathi ya Hatari (1977) ya C. G. Mung'ong'o ndiyo iliyokaribia zaidi, kwa kuwa humo kijana anarithishwa na baba yake uwezo wa kichawi ambao ni mzigo kabla haujawa nguvu. Huko giza halitoki nje na kumvamia mtu, bali linakabidhiwa nyumbani, na mzee kwa kijana. Hilo ndilo giza ambalo Hobb analiandika, na ambalo lilikuwapo Pate.

Inashangaza basi kwamba mwana wa Liyongo hajapata mwandishi wake katika nathari. Baba yake ana wengi. Edward Steere alichapisha hadithi yake kwa nathari katika Swahili Tales mwaka 1870, Alice Werner alimtangaza kwa wasomi wa London, M. M. Mulokozi aliuhariri utendi katika Tenzi Tatu za Kale (1999). Emmanuel Mbogo amempandisha jukwaani katika tamthilia yake Fumo Liongo. Kwa mwana kumebaki lawama peke yake.

Atakayeiandika riwaya hiyo atakuwa na maamuzi magumu ya lugha. Nafsi ya kwanza inavutia, lakini katika utamaduni wa upwa, mtu aliyepoteza radhi ya baba yake ana haki gani ya kusema kwa kirefu juu yake mwenyewe? Radhi si msamaha wa kawaida. Ni kibali ambacho mzazi pekee anaweza kukitoa, na mzazi huyu amekufa akiwa amepiga goti. Msimulizi wa namna hiyo atalazimika kusema kama mtu anayeomba ruhusa katika kila sentensi, na huenda sauti hiyo, yenye haya na isiyojitetea, ndiyo itakayoepuka kasoro ya Fitz. Lahaja nayo ni swali. Kiamu kitaileta karibu na utendi na kuitenga na wasomaji wengi. Kiswahili sanifu kitafanya kinyume chake. Na jina: akipewa jina, atakuwa ameokolewa na kitu ambacho Kijumwa alikiacha kwa makusudi au kwa mazoea ya utungo, asipopewa, mwandishi atabeba kurasa mia tatu kwa neno mwana.

Matoleo ya hadithi hayakubaliani kikamilifu juu ya mwisho wake, ila yote yanakubali kwamba hakupata alichoahidiwa. Uwaziri hakuuona, na harusi haikufanyika. Waliomtuma waliona haya ya kukaa na mtu aliyemuua babake, haya ambayo hawakuwa nayo walipokuwa wakimtuma.

Mandhari ambayo riwaya hiyo haiwezi kuikwepa ni ya kisimani. Liyongo, baada ya kuchomwa, anaamka, anachukua uta na mshale, anakwenda hadi kwenye kisima cha mji, anapiga goti, anavuta uta, na anakufa katika hali hiyo. Watu wanaona shujaa aliyekasirika anayelinda maji. Kwa siku kadhaa hakuna anayethubutu kuteka. Mama yake anakuja kumbembeleza kwa nyimbo, akidhani mwanawe yu hai na ana ghadhabu. Macho ya utendi siku hizo yako kwa wenye kiu na kwa mama. Kijana yuko pembeni. Lakini katika mji wote ule ni yeye aliyejua jinsi sindano ilivyozama. Ndoo ni tupu, bibi yake anaimba juani, na neno moja tu kutoka kwake lingetosha kuwaambia watu kwamba wanaweza kuteka maji.